Siku Niliyompeleka Bibi Maporomokoni

Machi hii nilikwenda kijijini kwetu Migato kumzika shangazi, na matanga yalipokwisha nikaona siwezi kuondoka bila kupanda milimani kuyaona maporomoko ya maji. Nilimwuliza njia mama mmoja kijana aliyekuwa akipalilia pamba. Alinitazama kwa huruma. "Maporomoko gani, dada? Huko kuna mawe tu." Basi nikaenda peke yangu. Njia ile nilikuwa nimeipita mara moja tu maishani, nikiwa na miaka kumi, lakini sikupotea.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Malori ya wanunuzi binafsi yalianza kugombania pamba yetu, sabuni dukani zikawa za kila rangi, na baba akaacha jembe, akawa anazunguka minadani na marobota ya mitumba. Mama alishinda shambani akichuma pamba. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na bibi mzaa baba, ambaye macho yake yalikuwa yakifunikwa na utando mweupe. Baba alinikabidhi kazi moja: nimwongoze, na asivuke ua wa boma.

Asubuhi moja tulikuwa tunakula michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyochemshwa kwa karanga, mvuke wake mtamu ukitupiga usoni. Bibi akaweka bakuli chini. "Mayu," aliniita, yaani mama kwa Kisukuma, "leo nipeleke kwenye maji."

Alizaliwa chini ya milima ile. Usichanani, mvua kubwa zikiisha, yeye na wenzake walipanda kwenda kuyatazama maporomoko, wakashinda huko bila kazi yoyote.

"Baba amekataza," nilisema.

"Baba yako anangoja apate nafasi. Macho yangu hayangoji."

Nikamletea fimbo yake.

Tulitembea taratibu, mkono wake begani kwangu, mzito na wenye joto. Kila aliyetusalimia "mwangaluka" alijibiwa kwa furaha, kama bibi anakwenda harusini. Kufika kwenye mawe tulianza kuyasikia maji kabla ya kuyaona. Yalishuka kati ya majabali mawili marefu kuliko nyumba, yakaanguka kwenye bwawa dogo la rangi ya chai. Bibi alivua kitambaa kichwani, akasogea hadi manyunyu yakamlowesha mvi.

"Ni meupe?" aliuliza.

"Meupe, bibi. Kama maziwa."

"Nayaona," akasema. Akasimama pale muda mrefu, midomo ikimcheza.

Wakati wa kushuka, pimbi walitoka kuota jua juu ya jiwe. Sikuwahi kuwaona kwa karibu vile. Nilipiga kelele, "Pimbi!", nikauacha mkono wa bibi na kukimbia mbele. Nilisikia fimbo ikigonga mwamba, kisha bibi akaguna. Nilipogeuka alikuwa chini, mguu mmoja umepinda vibaya.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikasema siwezi kumwacha, fisi watamla.

"Fisi gani atatafuna mifupa hii wakati mbuzi wapo? Kimbia, mayu. Kaite watu."

Nilikimbia hadi kwa wanawake waliokuwa wakichuma pamba. Wakapiga yowe, wanaume wakaja na kitanda cha kamba, wakambeba. Jua lilikuwa halijazama tulipoingia nyumbani na kumkuta baba, marobota yake hata hajayatua kwenye baiskeli.

"Nani amemtoa mama yangu nyumbani?"

"Nimejitoa mwenyewe," bibi alijibu kutoka kitandani. "Mtoto nilimlazimisha. Usimguse."

Nikanyamaza, na kunyamaza huko kulinitafuna. Nyonga yake haikupona, na hakutembea tena. Kila mvua zilipokolea aliniita nimsimulie maporomoko, nami nilimsimulia majabali, bwawa na manyunyu. Pimbi sikuwataja kamwe. Mwaka wa pili, alipokuwa hali tena chochote isipokuwa vijiko vichache vya uji, nilishindwa kuvumilia.

"Bibi, siku ile niliuacha mkono wako."

"Najua," alisema. "Mimi ndiye niliyekuambia nenda kawaone wale pimbi."

Wiki ile ile tulimzika.

Sasa majabali yale yamepasuliwa kokoto. Maji yamebaki mkondo mwembamba, unateleza juu ya tope bila sauti. Nilikaa hapo nikiwafikiria watu waliopanda mlima kwa ajili ya kutazama kitu wasichoweza kukibeba kurudi nacho nyumbani. Nikajaribu tena, kama nilivyojaribu miaka yote hii, kuisikia sauti ya bibi ikiniambia nenda kawaone. Siikumbuki. Huenda aliniambia kweli na hofu ikanisahaulisha. Huenda alinitungia, ili nisiubebe mzigo ule maisha yangu yote. Aliyejua ni yeye, na sikumwuliza.