Siku Nesi Kalunde Aliponiamkia Shikamoo

Naitwa Kosta. Nalima kabichi na njegere huko juu Uluguru, kwenye miteremko ambayo mgeni akiiona anauliza tunasimamaje bila kuporomoka. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kujisifu sana. Nilikuwa najitwika gunia, nashuka nalo hadi barabarani huku vijana wamekaa njiani wanapumzika, na nikiwapita nawacheka. Hospitali niliijua kwa kuwapeleka wengine. Nayasema haya mjue ni mtu wa namna gani aliyekuja kutetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

Ulianza uvimbe shingoni, upande wa kushoto, mdogo kama punje ya njegere. Haukuuma, nikaunyamazia. Ukakua ukawa kama limau, ukatokea mwingine kwapani. Kila alfajiri nikawa naamka shuka limelowa jasho, na kwetu ni baridi ya kuvaa makoti mawili. Mke wangu, Mama Vero, alikuwa analianika shuka uani. Siku moja akanishika mkono.

"Baba Vero, suruali sasa unafunga kwa kamba. Unanificha nini?"

Nilimfokea. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, na mwanamume wa kwetu akiogopa hufoka. Asubuhi yake alinipakia kwenye gari la mboga linaloshuka Morogoro mjini, nikakaa juu ya magunia ya kabichi zangu mwenyewe.

Hospitalini walikata kinyama shingoni wakakipeleka kupimwa. Majibu yalipokuja daktari alisema, "Mzee, hii ni saratani ya matezi. Inatibika. Ila dawa zake ni kali, utapewa mara sita, na lazima uzimalize zote." Mimi nilisikia neno saratani tu. Masikio yaliziba. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nikakishika kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto.

Kwenye chumba cha dripu nilimkuta Nesi Kalunde, mama wa makamo, mnene, miwani imening'inia kifuani. Alifungua faili langu.

"Mluguru?"

"Mluguru."

"Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Basi umepatikana. Umeshuka na kabichi au umeshuka na jeneza lako?"

Mke wangu aliruka. Lakini Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wenzetu hao walipokuwa wakipita na mizigo ya watu mabegani. Nikajikuta namjibu: "Funga mdomo, mpagazi. Beba mzigo ulioletewa." Akacheka mpaka miwani ikaruka. Tangu siku hiyo, ingawa namzidi umri, hakuwahi kuniamkia hata mara moja, ni matusi ya utani tu.

Niwaeleze jambo moja la kwetu. Msibani, mtani ndiye anayevaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, hadi waliokuwa wanalia wacheke. Sasa kila nilipokohoa, Kalunde aliinamisha kichwa akasikiliza, halafu naye akakohoa vilevile. "Bado sijaipata," anasema. "Kohoa tena nijifunze, siku yako ikifika nisiaibike." Nilicheka, huku napapasa uvimbe wa shingoni. Yule mama alikuwa ameona wengi wakiondoka.

Mikono yake ilikuwa tofauti na mdomo wake. Mishipa yangu ilijificha, naye alikuwa ananikanda mkono kwa kitambaa cha maji ya moto, taratibu, mpaka mshipa unatokea wenyewe. Dawa moja ilikuwa nyekundu kama sharubati. "Leo mkojo utakuwa mwekundu," alinitahadharisha. "Si damu, usije ukanililia." Nywele zilidondoka kwenye beseni la kuogea. Mdomo ulijaa vidonda, hata uji ukawa unakwaruza, akawa ananisafisha ulimi kwa maji ya chumvi kama unavyomsafisha mtoto mchanga. Nilitamani kuacha. Aliniambia niache tu, maana koti langu lilikuwa limeshaanza kumpendeza.

Kuna kitu kimoja alikisema bila utani, akituangalia mimi na Mama Vero machoni: "Homa ikipanda, au akitetemeka, msingoje kesho. Shukeni. Dawa hii inaua hata askari wa mwili." Nikaitikia kwa kichwa.

Baada ya dripu ya nne nilirudi nyumbani, na siku ya tisa nikaanza kutetemeka. Huko kwetu ukungu ukishuka kila mtu anatetemeka. Nikavaa koti, nikasogea jikoni kwenye moto, nikasema ni baridi ya mlima. Mama Vero akanigusa. "Mwili unaunguza!" Nikamwambia ni moto wa kuni huo. Siku mbili nzima nilidanganya hivyo. Na moyoni nilijua. Nilikuwa nimeona mzee mmoja aliyezoea kukaa kiti cha pembeni yangu kwenye chumba cha dripu akirudishwa na homa, na wiki iliyofuata kiti kikakaliwa na mwingine. Niliogopa kushuka kuliko nilivyoogopa kufa.

Siku ya tatu sikuweza kusimama. Majirani walinibeba kwa machela ya miti hadi barabarani. Tulifika mjini mchana, na mlangoni mwa hospitali alikuwa Kalunde. Nilijikaza nikamwambia, "Mpagazi, mzigo wako umefika."

Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso. Uso wake ukabadilika.

"Shikamoo, baba," akasema.

Ndugu zangu, niliogopa uvimbe, niliogopa kisu, niliogopa ile dawa nyekundu. Hakuna kilichoniogopesha kama shikamoo ile.

Akaita daktari kwa sauti ya juu. Wakanitundikia dripu mikono yote miwili. Niliharisha kitandani, mimi mwanamume wa magunia, na Kalunde akanisafisha kwa mikono yake. "Samahani, baba. Geuka kidogo, baba." Nilingoja anitukane. Angenitukana, aibu ingeisha. Nilishika rozari nikapoteza hesabu ya sala kwenye fumbo la kwanza. Zamu yake iliisha, hakuondoka. Alikaa akininywesha maji kwa kijiko, nikamsikia akimwambia mke wangu, "Kaa karibu naye, mama. Mwite jina lake." Nikajua nimekwisha.

Siku ya nne pale hospitalini, asubuhi, niliamka shingo imelowa, lakini mwili umepoa. Nilikohoa. Upande wa pili wa wodi mtu akakohoa, kikohozi changu kabisa, na ule mkwaruzo wake wa mwisho. Nikageuka. Kalunde alikuwa amesimama na trei ya dawa, macho mekundu.

"Mluguru mbaya wewe," akasema. "Umenifanya nijifunze kukohoa bure."

Nililia kwa sauti, watu wote wa wodi wananitazama.

Dripu mbili zilizobaki nilizimaliza. Uvimbe haupo. Daktari anasema niendelee kuja kupimwa, na kila nikishuka bado naogopa mpaka Kalunde anitukane. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Vero aliyenipakia na kabichi, namshukuru daktari. Nawe uliyegusa uvimbe ukanyamaza, usiungoje uume. Ukiambiwa homa ikipanda ushuke hospitali, shuka, usisingizie ukungu. Na ukiwa unaogopa, sema naogopa. Mimi kutosema nusura kunizike.

Mara ya mwisho niliposhuka nilimpelekea Kalunde lile koti. Nilimwambia achukue kabisa, nisije nikamchelewesha. Alilivaa palepale juu ya sare yake, likambana mabegani. Akaanza kutembea katikati ya viti vya dripu, magoti nje, kama mtu anayeshuka mlima na gunia, akakohoa kile kikohozi. Wagonjwa wakacheka, hata binti mmoja aliyekuja siku hiyo kwa mara ya kwanza na hakuwa amefungua mdomo tangu aingie. Na marehemu mwenyewe nilikuwa nimekaa pale, kwenye kiti cha plastiki, nacheka kuliko wote.