Pikapu Iliyonyweshwa Maji ya Chumvi

Siku ninayoikumbuka kila nikikuona umeinua boneti, mwanangu, ni siku ile pikapu ya babu yako ilipofuka mvuke njiani kwenda Marereni, imejaa madumu ya maji matamu tuliyoyateka Kakuyuni. Najua utacheka kwamba shangazi hana hata mvi na anajitia mzee. Cheka, lakini kesho unakabidhiwa ufunguo, na haya hukuyasikia kwenye shule ya udereva.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo kikuu, na kila kitu nilikitilia shaka. Babu yako alizoea kuwaambia wageni, "Huyu alipozaliwa hakulia, aliuliza." Basi siku hiyo nikashika kitambaa nifungue kifuniko cha rejeta nione kulikoni. Akanidaka mkono.

"Mwanangu, swali lako nalo lingoje ipoe. Mvuke haujui digrii."

Tukangoja mpaka boneti ikashikika, kisha tukavutwa hadi Malindi, gereji ya fundi Salim. Fundi alitupa jicho moja tu. "Mzee, hii imekwisha. Gasketi imeungua, hedi, kile kichwa cha injini, imepinda. Mwite mtu wa vyuma chakavu."

Visima vya Marereni vina chumvi, na wafanyakazi wa mashamba ya chumvi walikunywa maji tuliyowapelekea sisi. Pikapu ile ndiyo iliyotulisha, ndiyo iliyonisomesha, na kazi nyingine hatukuwa nayo. Hata hivyo babu yako aliinua simu, mnunuzi wa vyuma chakavu akaambiwa aje kesho yake alasiri.

"Umejuaje kama hedi imepinda?" nikamuuliza fundi.

"Dada, mimi nimezaliwa gereji."

"Na mimi nimezaliwa Kakuyuni, lakini sijui kila mnazi una madafu mangapi. Tuangalie kwanza."

Hakupenda, lakini ni muungwana. Kesho yake asubuhi akachomoa kijiti cha kupimia oili. Ilikuwa nyeusi, haina ule weupe wa chai ya maziwa unaoonyesha kwamba gasketi imeungua na maji yameingia. Akajaza rejeta, akawasha injini ingali baridi, kifuniko kikiwa wazi. Hatukuona mapovu, wala moshi mweupe nyuma. Mipira ya maji haikuvuja, mkanda wa feni ulikuwa umekaza, feni ilizunguka.

"Gasketi nzima," akasema, na nadhani alifurahi kuliko mimi. "Basi ni thamostati, yule bawabu anayeyafungulia maji njia yakipata moto. Naitoa naitupa. Kwa joto hili la pwani, ya nini?"

"Aliyeiweka alikosa kazi?"

Akacheka, akaitoa. Ilikuwa imevaa ukoko wa kutu na chumvi. Tukaitumbukiza katika maji yanayochemka, kwenye sufuria ya chai ya gereji, mafundi wote wakinung'unika. Haikufunguka. Fundi akataka kufunga mpya tumalize, nami nikaona bado. Ukoko ule ulitoka wapi?

"Baba, rejeta huwa waijaza maji gani?"

"Ya kisimani, kule kule Marereni. Ya madumuni ni ya wateja."

Alipomaliza kusema, akajisikia mwenyewe. Mganga hajigangi, mwanangu. Sisi wauza maji matamu, gari letu tulilinywesha chumvi miaka yote. Babu yako alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kikoi.

Fundi akaisukutua rejeta, ikatapika tope la rangi ya matofali mpaka maji yakatoka safi. Akaitikisa pampu ya maji, haikuwa imelegea. Akafunga thamostati mpya na kifuniko kipya, akabadilisha oili iliyoungua, akatia kulanti, ile dawa ya kupoza injini, iliyochanganywa na maji matamu. Mnunuzi alipofika alasiri, injini ilikuwa ikinguruma, na babu yako yuko kwenye usukani kama bwana harusi.

"Vyuma viko wapi, mzee?"

"Vinakwenda kazini. Hebu sogea kidogo."

Tukayapakia tena madumu yetu, na mshale wa joto ukakaa katikati hadi Marereni. Watu walikuwa wamejipanga na ndoo zao. Babu yako alifungua dumu la kwanza, akamimina kikombe kimoja mbele ya rejeta. "Mteja wa kwanza huyu," akasema, na watu hawakuelewa kwa nini sisi wawili tulishindwa kusimama kwa kicheko.

Basi mwanangu, mshale ukipanda, simama, zima, ngoja ipoe. Tazama maji, mipira, mkanda na feni. Soma oili kabla hujaiamini wala kuikana injini. Usikubali kuambiwa imekufa bila kuonyeshwa, na ukishaonyeshwa kilichoharibika, uliza tena nini kilikiharibu, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na chochote unachowapa watu kilicho kizuri, usikinyime chombo kinachokulisha.

Mola akulainishie njia, mshale wako usivuke katikati, na kila uendako ufike ukiwa umebeba maji matamu.