Siku Kishikio cha Mjukuu Wangu Kilipoitwa Dekio

Chekeni tu, maana hata mimi yangemkuta mwingine ningecheka, ila mjue nasimulia nikiwa bado na hasira, na yule dada wa maiki nikikutana naye hata kanisani mkono wa amani simpi. Aibu yenyewe ndiyo hii: kwenye kicheni pati ya mtoto wa wifi yangu, mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilimwaga mchuzi juu ya keki ukumbi mzima ukitazama, na hakuna aliyenisukuma.

Yote yalianza na skintaiti.

Mjukuu wangu Tuma (ana miaka minane na mdomo wa wakili) alikuja likizo kwangu hapa Kariakoo, nikaona badala ya kukodolea simu mchana kutwa nimfundishe kufuma vishikio vya sufuria. Nikachukua fremu ya picha iliyovunjika kioo, nikapigilia misumari midogo pande zote nne, tukakata soksi za mitumba, zile nzito za pamba, zikawa vipete. Unavuta kipete kutoka msumari wa juu mpaka wa chini, upande huo ukijaa unapitisha vingine kwa kukatiza, juu, chini, juu, chini, mpaka unapata mraba mnene. Cha kwanza Tuma alilala nacho chini ya mto. Asubuhi akatangaza kwamba jozi nzima itakuwa zawadi ya Dada Happy, bibi harusi mwenyewe, zawadi yake yeye Tuma, na mtu asiambiwe kwamba nilimsaidia.

Sasa soksi zikaisha kishikio cha pili kikiwa nusu. Wauza soksi wako hapo hapo chini, ukimaliza ngazi tu unawakanyaga, lakini magoti yalikuwa yananiuma, na zile spika za matangazo ya nguo barabarani zinanipandisha presha, basi nikavuta skintaiti yangu ya zamani, ya pinki, inayong'aa, nikaikata.

"Bibi, hiyo siyo pamba," Tuma akasema. "Inateleza."

"Fuma hapo. Nimeanza kupika mama yako hajazaliwa."

(Sentensi hiyo ningeweza kuirudisha mdomoni, ningeirudisha leo.)

Kicheni pati mnaijua. Hutoi zawadi ukaenda kukaa, lazima usimame mbele umfundishe bibi harusi namna ya kuitumia. Zamu yetu ilipofika, ukumbi wa Buguruni umejaa wanawake wa kitenge sare, Tuma akapanda mbele na gauni lake jipya, kaviinua vile vishikio juu kwa mikono miwili, anatabasamu mpaka pengo linaonekana. Na yule mshereheshaji, binti wa kope za bandia, akakamata kimoja kwa ncha za vidole.

"Jamani mama zangu! Wenzetu wameleta friji, bibi yetu katuletea dekio la kufutia sakafu!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Tuma akashusha mikono, akajificha kwenye kitenge changu. "Bibi, twende tukakae," akaninong'oneza.

Tungeenda kukaa, yangeisha. Lakini damu ilinichemka, nikampokonya maiki na kishikio chetu.

"Dekio? Ngoja nikuoneshe dekio! Unajua sufuria la mkaa unalishika na nini wewe? Kope?"

"Wifi, basi, huo ni utani tu," mama yake Happy akaniita kutoka meza kuu. "Kaa, wifi yangu."

"Sikai!"

Nikatoka mpaka nyuma ya ukumbi kwa wapishi, nikachagua sufuria la mchuzi lililokuwa bado jikoni (sufuria zetu hizi hazina masikio, unakamata ukingo, na ukingo wenyewe ulikuwa umelambwa na moto), nikalibana kwa vishikio viwili, nikaingia nalo ukumbini kifua mbele. Wakaanza kunipigia vigelegele! Nilikuwa natafuta uso wa yule binti nione anavyosinyaa, kumbe mkono wa kulia umeanza kunuka plastiki.

Ile pinki ilikuwa inayeyuka. Vidole vinaungua, zulia ni la kukodi, meza ya karibu ni ya keki, nikalitua sufuria hapo pembeni ya keki na nikashukuru Mungu. Kisha nikavuta mkono. Kishikio kilikuwa kimegandana na sufuria na vidole vyangu vimenasa humo humo, nilivyovuta sufuria likanifuata, mchuzi wote juu ya keki nyeupe ya ghorofa tatu.

Wifi yangu, machozi yanamtoka, akadaka kitu cha kwanza alichokiona ili afute mchuzi usifike kwenye zawadi. Alidaka kile kishikio kingine, cha pamba, kilichokuwa kimedondoka, kile kile Tuma alicholala nacho.

"Si nilisema dekio!" akapiga kelele yule shetani wa maiki.

Tuma alilia mpaka nyumbani. Vidole vyangu vilipona, lakini yeye ile fremu aliisukuma chini ya kitanda, na hapo ndipo niliumia kweli.

Wiki iliyofuata Happy akapiga simu, hakuomba kuongea na mimi. Alitaka jozi nyingine, kwa sababu vishikio alivyoletewa vya dukani vinaunguza. Tuma akamsikiliza, akaitoa fremu chini ya kitanda, akaniletea kiberiti.

"Nitafuma peke yangu. Wewe utakata soksi tu. Na kila soksi uchome uzi kwanza, nione kama unayeyuka."

Basi nimeapa: sitajibu tena utani nikiwa na sufuria mkononi, na Tuma akisema siyo pamba, siyo pamba. Sasa hivi nashuka ngazi na magoti yangu haya kufuata soksi, nachoma uzi, anakagua, nakata. Nikimkumbuka yule dada wa maiki, nakata kwa nguvu zaidi.