Majitaka ya Mwenyekiti

Mama Bomba hakuwahi kuwaheshimu watu wa mtaa ule wa mageti marefu, na sababu alikuwa nayo: aliyajua mabomba yao. Ufundi aliurithi kwa baba yake, aliyewafungia vyoo vya kwanza enzi ambazo kila nyumba ilikuwa na bwana, bibi na mbwa wawili. Tangu hapo watoto wamehamia ng'ambo, biashara zimedorora, mbwa wamekufa. Wamebaki wazee wenye suti zilizopauka viwikoni, wanaongea kwa pua kana kwamba dunia bado iko mfukoni mwao. Na nyuma ya kuta, kimyakimya, wakaanza kupangisha: kwanza banda la uani, kisha gereji, kisha vyumba vya watoto. Wakaingia wauguzi, makarani, walimu na familia zao.

"Hawa wageni wametuharibia mtaa," mwenyekiti wa kamati ya wakazi hakuchoka kusema. Alikuwa mkurugenzi mstaafu. Ofisi aliiacha miaka kumi na minane iliyopita, lakini ukurugenzi uligoma kumtoka.

Majitaka yalipofurika barabarani, akaitisha mkutano. Asubuhi ya siku hiyo Mama Bomba alifuata bomba kuu, akifungua chemba moja baada ya nyingine, mpaka akajikuta uani kwa mwenyekiti mwenyewe. Majiko sita yalikuwa yamepangwa ukutani. Akachungulia ndani: ile sebule aliyoiogopa utotoni ilikuwa imekatwa vyumba vitatu kwa mbao nyembamba. Akahesabu watu ishirini na wawili, wote kwenye bomba ambalo baba yake alililaza kwa ajili ya watu wanne.

Mke wa mwenyekiti akamvuta kando. "Mwanangu, marehemu baba yako alikuwa mtu wa siri. Sema tu ni mizizi ya miti."

"Mama, mizizi haivai nepi," akajibu, akimwonyesha kilichonasa kwenye koleo.

Hata hivyo alikusudia kufunga mdomo. Kazi za kamati zilikuwa zikimlisha. Lakini mkutanoni mwenyekiti alisimama kidevu juu, akataka wapangaji wote wawe wameondoka kufikia mwisho wa mwezi. Muuguzi mmoja, mpangaji wake mwenyewe, akainamisha kichwa huku amempakata mtoto. Mama Bomba akamtazama yule mtoto, akaikumbuka nepi ya asubuhi.

"Fundi, waambie nani ameziba bomba!" mwenyekiti akaamuru.

"Wewe, mzee. Kama ni kufukuza, anza na sebuleni kwako."

Kicheko kikapasuka nyuma. Wazee wa mbele wakatazama viatu vyao. Kila mmoja alikuwa na gereji yake ya kuificha.

Kamati ikamwachisha kazi wiki hiyohiyo. Haikumsaidia mwenyekiti: wapangaji walikuwa wengi kuliko wenye nyumba, na uchaguzi ulipofika wakamweka yule muuguzi kwenye kiti. Jambo lake la kwanza likawa bomba jipya, pana, la mtaa mzima, na akamwita Mama Bomba alilaze.

Mtaro ulipofika kwa mwenyekiti wa zamani, mzee akatoka na fimbo yake.

"Wewe! Angalia hayo maua. Ni ya gharama."

Mama Bomba hakuinua hata kichwa. Mtaro ulikuwa unapita palepale kwenye maua, akapiga sururu.