Muziki Ndani ya Kijaluba

Wiki iliyopita mama alikuwa akipanga upya sanduku lake la nguo, na chini kabisa, chini ya kanga asizozivaa tena, akakuta kijaluba cha bibi kimefungwa kwenye kitambaa. Akanikabidhi. Siku tatu sasa kimekaa juu ya meza yangu hapa Kiembe Samaki, nami nakizunguka kama paka mbele ya samaki wa moto. Nikwambie kweli, mwenzangu, sikutaka kukiona tena maishani mwangu.

Kama hukuwahi kukiona kijaluba, ni kikasha kidogo cha bati ambacho wakubwa wetu walikuwa wakiwekea tambuu ya kutafuna. Cha bibi kilichorwa maua kwenye kifuniko, nayo yalikwisha kufutika kwa kushikwashikwa. Meno yalipomtoka aliacha kutafuna, kijaluba kikabaki cha sindano na vifungo. Mimi nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikigeuza chombo cha muziki.

Tulikuwa tukiishi Mji Mkongwe, bibi, mama na mimi, katika nyumba ya mawe ya ghorofa moja yenye ngazi iliyosimama wima kama ya kupandia mnazi. Bibi alikaa juu na magoti yake hayakuwa yakishuka kwa urahisi, kwa hiyo maisha yetu yalikuwa ya kuitana. Nikirudi kutoka chuo cha Kurani husimama chini ya ngazi na kuita, "Bibi!" Naye hujibu, "Naam!" kwa sauti ndefu, ndipo nikapanda. Asipoitika sipandi, kwa sababu huenda yuko kwenye sala, na bibi hakupenda mtu ampite mbele akisali. Huo ndio mlango wetu wa pili, hiyo naam.

Nyumba ile ilikuwa mgonjwa na sote tulijua. Maji ya mvua yalipenya juu yakanywewa na kuta, boriti za mikoko zikaoza vichwa ndani ya mawe. Asubuhi tulikuta vumbi la chokaa juu ya mkeka, na mama akalifagia kimya kimya kabla ya kupika uji. Bibi alikuwa na kazi yake mwenyewe. Alikoroga unga wa ngano na maji, akakata vipande vyembamba vya gazeti, akavigandisha juu ya nyufa. Majirani walimtania kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hawakusema uuzibe kwa gazeti. Yeye akawajibu, "Siuzibi. Nnauchungulia." Karatasi ikibaki nzima, ukuta umetulia. Ikichanika, ukuta umekwenda.

Tena alikuwa akisikiliza. Alinifundisha na mimi: "Boriti ikilia mara moja, imechoka. Ikilia mara mbili, toka, na usimsubiri mtu."

Masika ya mwaka ule karatasi zilichanika moja baada ya moja. Ya chumbani kwa mama ilichanika, ya ukumbini ikachanika, na ya juu ya dirisha la bibi ilibandikwa mara tatu katika mwezi mmoja. Mjomba, kaka yake mama, alikuja na gari kutuchukua sote tuhamie kwake Kiembe Samaki. Bibi alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nendeni nyie. Mie n'tafuata." Alisema hivyo kila alipokuja, na mama hakuweza kumwacha mama yake, kwa hiyo hakuna aliyekwenda.

Nilichokiona mimi ni macho yake. Yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, maana alilala akisikiliza na kuamka akisikiliza. Nikamwonea huruma. Akili yangu ya kitoto iliniambia kwamba kinachomtesa ni zile sauti, na kwamba asipozisikia atapumzika. Nilikuwa mjinga, lakini mjinga mwenye mapenzi.

Nyuma ya soko, upande wa Ng'ambo, alikuwapo fundi redio aliyeniruhusu kukaa kwenye benchi lake nikitoka skuli, kwa sharti la kutogusa kitu mpaka aniambie. Kutoka kwenye kikapu chake cha vilivyokufa nilipata kibao kidogo kama kiberiti kinachosoma muziki kwenye memori kadi, betri ya simu ya vitufe, na swichi ya tochi. Hedifoni nilikuwa nazo. Bibi alikuwa na kanda zake za taarabu za zamani, na fundi akazihamishia kwenye kompyuta na kuzitia kwenye kadi, pamoja na ile mikwaruzo yake yote. Kwa kuwa kijaluba ni bati na bati hupitisha umeme, nilikitandika ndani kwa karatasi ngumu ya boksi la viatu. Kwa mara ya kwanza nikashika chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuunganishia nyaya. Moshi wa risasi ulinukia kidogo kama ubani, na mpaka leo harufu ya ubani hunitia hofu.

Fundi aliangalia kazi yangu kwa miwani yake iliyofungwa uzi. Akaniambia, "Risasi ikikaa kama tone la asali, imeshika. Ikikaa kama punje ya mchanga, inakudanganya. Huu waya mweupe wa hedifoni hujaushika. Njoo kesho uuchome tena." Nikasema naam, lakini kesho sikwenda. Muziki ulikuwa unalia, mvua ilikuwa inanyesha, na mimi nilitaka bibi alale.

Siku niliyompa alikipakata, akazivaa hedifoni juu ya mtandio, akafumba macho. Baada ya muda alicheka. "Huyu mpiga fidla akikaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Alikuwa akikosea pahala hapo hapo kila siku." Nilikuwa na furaha isiyo kifani. Kila jioni nilikichaji, taa yake nyekundu ikiwaka, na kila mchana nilimkuta kaketi dirishani akitikisa kichwa taratibu. Macho yake hayakupungua wekundu. Nilidhani ni uzee.

Wiki ya tatu, baada ya alasiri, nilirudi chuoni chini ya mvua. Mama alikuwa bado kazini. Nilipoingia ndani nilisikia boriti ikilia juu, mlio mfupi, mkavu. Nikasimama chini ya ngazi nikaita, "Bibi!" Kimya. Nikaita tena kwa nguvu zangu zote. Sala ya alasiri ilikwisha zamani, kwa hiyo nilijua: ana muziki masikioni. Niliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Nikaita mara ya tatu, nikingoja ile naam nipande nikamshike mkono. Haikuja. Nikaona afadhali nikimbie nje nikamwite chini ya dirisha lake, pengine ataniona. Nilikuwa kwenye kizingiti boriti ilipolia mara ya pili.

Sitakuhadithia lililofuata. Ukuta wa mbele ulibaki, ngazi haikubaki. Wanaume wa mtaa walimtoa bibi kabla ya magharibi, na kesho yake tukamzika. Watu walisema ni kadari ya Mungu. Mimi nilisema ndiyo na moyoni nikasema ni mimi. Nilimziba masikio mtu aliyekuwa akiisikiliza nyumba nzima, na kila nilipompenda mtu tangu hapo nimekuwa nikiogopa kumpa zawadi. Fundi alikuja matangani, akanisalimu, hakutaja waya.

Leo asubuhi nilichukua bisibisi nikakifungua. Kifuniko kimebonyea upande mmoja, lakini ndani mambo yako kama nilivyoyaacha, isipokuwa jambo moja. Ule waya mweupe umetoka mahali pake, na risasi yangu imebaki kama punje ya mchanga. Juu ya waya kuna kipande chembamba cha gazeti, kimegandishwa kwa unga wa ngano uliokauka mpaka umekuwa mgumu kama kucha. Kimebandikwa sawasawa, pembe zake zimebonyezwa kwa dole gumba, kama bibi alivyobandika juu ya kila ufa wa nyumba ile.

Nimekaa na kipande hicho tangu asubuhi. Unga haupitishi umeme, mwenzangu, na yale macho mekundu niliyodhani ni uzee yalikuwa ya mtu ambaye bado alilala akisikiliza. Waya ulikatika mapema, bibi akajaribu kuutibu kwa dawa pekee aliyoijua, haukupona, naye hakuniambia. Aliendelea kuzivaa hedifoni zisizolia na kutikisa kichwa kila nilipoingia, nisije nikavunjika moyo. Tangu waya ulipokatika, masikio yake hayakuzibwa tena.

Basi ile boriti ya kwanza aliisikia. Na mimi alinisikia, mara zote tatu.

Pale palipokuwa na nyumba yetu pamezungushiwa mabati, na vijana wanaopita hawajui kama kulikuwa na dirisha. Nyumba hii ya matofali ninayokaa haisemi kitu, si kwa mvua wala kwa jua, na wanangu nikiwaita huitika "Ee?" bila ya kuinua macho kwenye simu. Huwa nawakasirikia, nawaambia kwetu mtu akiitwa husema naam. Leo sikuwaambia. Nimeirudia ile ngazi kichwani mara nyingi, mguu wangu juu ya kipandio cha kwanza, na bibi juu dirishani akijua magoti yake hayatamfikisha chini, akinisikia naita. Angeitika, ningepanda.