Ngamia wa Alio na Santuri za Mwalimu Mwenda

Mzee Alio Hanad wa Habaswein hunywesha ngamia wake kwa wimbo, kama walivyofanya baba zake. Bila wimbo, ngamia hao husimama kisimani wakiyatazama maji tu. Mwaka jana sauti ilimpotea kwa mafua, na zamu yake kisimani ilikuwa karibu kwisha. Jirani yake Mwenda, mwalimu mstaafu kutoka Meru, akaleta gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono na santuri zilizorekodiwa Ulaya mnamo mwaka 1904.

Kwanza aliweka santuri ya fidla za taratibu. Ngamia wakageuza shingo.

"Wallahi mwalimu, huyu analia nini?" Alio akanong'ona. "Amefiwa?"

"Huo ni muziki wa wasomi, mzee."

"Ngamia wangu wana kiu, hawana msiba."

Kwa aibu, Mwenda akaweka wimbo wa vilabuni, uliopendwa na wachukuzi wa London. Ngamia wakainamisha vichwa, wakanywa mpaka birika la kunyweshea likakauka.

Alio amepona, lakini ngamia wameukataa wimbo wake. Kila zamu ifikapo humwita Mwenda, naye huja na santuri ambayo kwa miaka arobaini aliwaficha wageni wake.