Mkono wa Kulia wa Mzee wa Snuka

Asubuhi ya kwanza nilipoingia kwenye ile fleti ya Auburn, mzee aliniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba, halafu akaniuliza kama najua kucheza snuka, ule mchezo wa kutumbukiza mipira mezani kwa fimbo. Mimi nimetumwa kumwogesha, kumvalisha na kumnyoosha viungo! Nikamjibu kwamba kwetu Tanga niliwahi kuona meza ya pool nje ya baa, na mama alitukataza hata kupita karibu nayo. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa bado haujarudi sawasawa baada ya kiharusi.

"Pool ni ya walevi," akasema. "Mama yako alikuwa na akili."

Hapo hapo nikajua tutaelewana.

Kazi yangu ni hii ya kuhudumia wazee majumbani, wenyewe tunaiita kea, na Waswahili wa magharibi ya Sydney tumejaa humo tele. Nakaa Mount Druitt, napanda treni, nashuka, napanda ngazi za watu. Wazee wangu wengi huzungumzia dawa, miguu na watoto wasiopiga simu. Huyu alizungumzia mipira. Tuliongea Kiingereza, yeye na chake na mimi na changu, vyote viwili vimechoka kwa safari, lakini ukitaka kumwelewa mtu utamwelewa tu.

Binti yake, ambaye ndiye anayeishi naye, aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini kana kwamba ni siri, kwamba baba yake ndiye aliyewatangulia Wathai wenzake kwenda Uingereza kucheza snuka kwa kulipwa. Kabla yake hakuna kwao aliyedhani jambo hilo linawezekana. Alipokuwa akicheza huko, maduka ya Bangkok yalijaa watu mbele ya televisheni, na mabibi wasiojua snuka ni kitu gani walikuwa wakimwombea dua. Hee! Na mimi jana yake nilikuwa nimemgombeza kwa kumwaga uji.

Basi nikawa namchimba. Kila nikimsugua mgongo, natoa swali. Ndipo nikapata hadithi ya mchuzi wa samaki, ule wa kwao wa chupa unaonuka. Alisafiri na chupa zake sandukuni kwa sababu aliambiwa chakula cha Wazungu hakina ladha, na chupa moja ikapasuka njiani. Kizibao chake cha kuchezea, kile cheusi cha heshima kinachovaliwa na tai ya kipepeo, kikanuka samaki mashindano yote ya kwanza. Kila akiinama mezani, mpinzani wake anarudi nyuma kidogo. Akashinda. Mpaka leo hajui kama alishinda kwa fimbo au kwa harufu.

Na mimi nikamlipa kwa hadithi ya dagaa wangu. Nilipokuwa mgeni Sydney niliwakaanga dagaa kwenye fleti, king'ora cha moshi kikalia jengo zima, majirani wakatoka na nguo za kulalia, zimamoto wakaja na helmeti zao, na mimi nimesimama mlangoni na mwiko. Mzee alicheka hadi akakohoa, binti akaja mbio akidhani namnyonga babake.

Lakini kuna siku aliacha kucheka akaniambia kwamba miaka ile ya kwanza ya Uingereza hakuwa na mtu hata mmoja wa kuongea naye Kithai. Alikuwa akienda klabu peke yake, akizungumza na ile mipira myekundu. Mama yake akipiga simu, anamwambia anakula vizuri, kumbe ni mkate na maharage ya kopo. Nikageukia dirishani nikajifanya nakunja taulo. Nani asiyeijua simu ya namna hiyo?

Sasa, mkono wa kulia. Huo ndio uliokuwa umemlisha, na kiharusi kikautia ganzi. Mtaalamu wa viungo alikuwa ameagiza zoezi la kila asubuhi: mzee afumbe macho, mimi nimguse vidole kwa pamba, aseme anapohisi. Mkono ulikuwa umeshaanza kusogea, unafunguka na kufumba kwa shida, lakini hisia hakuna kabisa. Mzee akaanza ujanja.

"Ndiyo!" anasema, macho kayafumba, uso mtakatifu.

"Mzee, sijakugusa bado."

"Ndiyo!"

"Mzee wangu, pamba iko mfukoni."

Tunacheka, tunaanza upya. Binti yake hakucheka. Mwanzoni alikuwa akisikia lile "ndiyo" anatoka chumbani mbio, macho yamemng'aa, na kila mara ananikuta natikisa kichwa. Mwishowe akaacha kuja. Siku moja akaniambia, "Sista, baba akisema anahisi, usiniite tena." Iliniuma, nisiseme uongo.

Na mzee mwenyewe hakutaka makubwa. Alitaka mkono wake uhisi tena, basi. Nilimwambia ashukuru kwamba unasogea, wengine hata hilo hawajapata. Akanitazama kwa hasira. "Hata fimbo inasogea," akasema. "Mchezaji anahisi. Asiyehisi ni fenicha." Nikaitoa pamba mfukoni, tukaanza upya.

Ndipo ukaja mwaliko. Kijana wa Kithai anayecheza snuka kwa kulipwa alikuwa anapita Sydney, na Wathai wa hapa wakaandaa alasiri ya Jumamosi kwenye klabu moja ya Smithfield, kati ya viwanda na maghala. Kijana akaomba jambo moja tu: acheze mchezo mmoja na mzee aliyewafungulia njia. Loo, mzee alivyosikia! Akaagiza kizibao kitolewe kabatini. Binti akasema hapana, hatamwanika baba yake mbele za watu avunjike moyo. Mzee akasusa chakula. Supu ikaja ikarudi.

Nikaona hapa lazima niingie. Nikamwambia binti kwamba kwetu tunasema, mwana akililia wembe, mpe.

"Sista, wembe huo utamkata baba."

"Basi tutamfunga plasta. Si ndiyo kazi yangu?"

Akaniangalia, akashindwa kujizuia, akacheka. Tukaanza mazoezi wiki ileile. Badala ya kumtembeza mzee bustanini, nikawa namtembeza klabuni. Fimbo akaihamishia mkono wa kushoto. Ule wa kulia akauweka mezani uwe wa kuegeshea fimbo tu: anauinua kwa ule wa kushoto, anauweka juu ya kitambaa cha kijani, anavipanga vidole kimoja kimoja, kisha anapiga. Siku ya kwanza hakutumbukiza hata mpira mmoja. Alitukana kwa Kithai kwa utulivu mkubwa, na mimi nikaitika "amina" kila akipumua. Kufika siku ya mchezo alikuwa anatumbukiza, si sana, ila anatumbukiza, na mimi nilikuwa nimeshapotoka kabisa. Naota mipira. Napika ugali nikifikiria kona.

Jumamosi hiyo nilimchukua jirani yangu Mrundi, aliyekulia kambi za Kigoma, pamoja na akina mama wengine wa kwaya, tukitoka mazoezini moja kwa moja na vitenge vyetu. Niliwaambia tunakwenda kumshangilia mzee wangu. Kosa langu ni kwamba sikuwaambia snuka hushangiliwaje.

Ukumbi ulikuwa kimya. Wathai wamekaa kwa adabu, refa ana glovu nyeupe, binti yupo safu ya mbele ameshika chupa ya maji ambayo hainywi. Kijana akaingia, akaunganisha viganja vyake kifuani, akainama mbele ya mzee mpaka nikadhani ameangusha kitu. Mzee naye kizibaoni, kimembana tumbo kwa sababu ya chakula changu, kifungo kimoja kimekataa. Nikajisikia kama mama wa bwana harusi.

Kijana alimpa mzee pointi za kuanzia, kama mchezaji mkubwa anavyompa mdogo. Mzee akanuna, akazipokea. Kijana akapiga kwa nguvu, mpira mweupe ukazunguka meza yote ukatumbukia shimoni.

"Imeingia!" akapaza jirani yangu. Na kwaya nzima ikapiga vigelegele.

Jamani! Ukumbi mzima uligeuka. Kutumbukiza ule mweupe wa kupigia mingine ni kosa, na kumshangilia mtu kosa lake ni ufedhuli usio na jina. Refa akatutazama. Nikatamani sakafu inimeze. "Huo mweupe hauruhusiwi kuingia," nikamnong'oneza.

"Sasa kama hairuhusiwi, kwa nini shimo iko wazi?" akaninong'oneza yeye.

Nikaanza kucheka ile ya kanisani, ya mabega. Bahati, bibi mmoja wa Kithai mbele yetu naye mabega yakaanza kutikisika, halafu mwingine, kijana mwenyewe akaficha uso nyuma ya fimbo, na tangu hapo ukumbi ukalegea. Mzee akitumbukiza, sisi vigelegele, Wathai makofi. Mzee akikosa, sote "aaah" kwa pamoja. Sikumbuki lini nilifurahi hivyo tangu nije nchi hii. Nilikuwa nimevua viatu.

Mwisho ikabaki mipira miwili tu mezani, mweupe na mweusi. Mzee yuko mbele kwa pointi nne tu. Akiutumbukiza ule mweusi ameshinda, na mweusi wenyewe ulikuwa umekaa mdomoni mwa shimo, hata mimi ningeuingiza kwa ufagio. Nikawaonya akina mama wazibe midomo. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, hatazami.

Mzee akauinua mkono wa kulia, akauweka mezani nyuma ya mpira mweupe. Akapanga vidole. Akainama, jicho lake kwenye ule mweusi, fimbo ikaenda mbele, ikarudi nyuma taratibu. Kisha ikasimama. Mzee akanyanyuka bila kupiga.

"Faulo," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Refa akamsogelea, akamwambia hajaona faulo yoyote. Kijana akaja na viganja vyake vimeunganishwa. "Mwalimu, hukugusa kitu. Piga."

Bibi wa mbele akatueleza kwamba katika snuka mchezaji hulitaja kosa lake mwenyewe. Ukiugusa mpira kwa kitu chochote kisicho ncha ya fimbo, hata kama hakuna aliyeona, unasema. Na kwa kuwa ulibaki mweusi peke yake, faulo moja humaliza kila kitu, pointi saba zinakwenda kwa mwenzako.

Mwenzangu, nilipandwa na hasira! Miezi yote ile, mgongo wangu, nauli zangu, ugali wangu! "Mzee wee, piga!" nikamfokea kwa Kiswahili. "Nani kakuona? Piga!" Mungu anisamehe, nilitamani kumzaba kofi mbele ya watu wake.

"Nimegusa mweupe," mzee akamwambia refa. "Kwa kidole hiki." Akakiinua kidole kidogo cha mkono wa kulia.

"Una hakika umeona?" refa akauliza.

"Sikuona. Nilikuwa naangalia mweusi." Akakitazama kile kidole. "Nimehisi."

Refa akakubali kwa kichwa, akatangaza pointi saba za kijana, mchezo umekwisha. Watu wakasimama kumpigia makofi mtu mkweli. Jirani yangu akanipigapiga begani, akaniambia nisilie, asiyekubali kushindwa si mshindani. Hakujua ninalilia nini. Mtu huyu alinidanganya "ndiyo" asubuhi baada ya asubuhi, pamba ikiwa mfukoni mwangu. Lakini ni nani duniani anayedanganya ili ashindwe?

Binti alikuwa ameinua kichwa. Alisukuma viti, akapita katikati ya watu waliotaka kumpa baba yake mikono, hakumsalimia yeyote. Akamziba mzee macho kwa kiganja chake. Kwa mkono wa pili akakishika kile kidole kidogo, akakifinya kwa kucha, kwa nguvu zake zote.

Mzee akapiga yowe, likajaa ukumbini.

Binti akakiachia, ameshtuka, anaomba radhi kwa Kithai na Kiingereza kwa pamoja, machozi yanamtiririka. Mzee akaurudisha mkono mbele yake, macho bado ameyafumba.

"Tena," akasema. "Finya tena."